Kinyozi wa Brashi ya Singa za Farasi

Kinyozi wa ile njia ya kuingilia maegesho ya malori amefariki. Najua wengi wenu mnaosoma gazeti letu la shule kwenye ukuta huu wakati wa mapumziko, mihogo mkononi, mlishasikia, kwa hiyo sidai kwamba naleta habari mpya. Mimi niliipata Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa, nikakuta kibanda chake kimefungwa kwa kufuli, na uani kwake viatu vingi vimepangwa mlangoni, wanaume wamekaa kwenye mkeka. Utingo mmoja aliyekuwa ameegemea tairi la lori lake akaniambia, "Mzee wa Povu katutoka, dogo. Alfajiri, katoka kuswali, kaketi kitini, basi." Nikasema pole, kisha nikajiuliza pole ile nampa nani. Walimzika siku ileile alasiri. Nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa karibu na ua wa michongoma. Nilivua kofia kwa heshima kama tunavyofanya kwetu, halafu nikaona wanaume wote pale wamevaa za kwao, nikairudisha kichwani haraka nikiomba pasiwe na aliyeniona. Ndivyo nilivyo, mnanijua. Hata msibani nawaza nani ananitazama.

Kwa wale wa kidato cha kwanza ambao hawakuwahi kuingia kwake, nieleze kidogo. Kibanda kilikuwa cha mbao na bati, kati ya duka la vipuri na mama wa chai. Ndani kiti kimoja kilichong'olewa kwenye basi kuukuu, kioo kimoja, redio ndogo ya betri. Saluni za upande wa pili wa barabara zina mashine za umeme tatu tatu, picha za wanamuziki ukutani na spika zinazotetemesha bati. Yeye alikuwa na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, kikombe cha bati chenye kipande cha sabuni, kishikio cha wembe cha chuma, na brashi. Wembe aliufungua mpya mbele ya macho ya kila mteja, akamwonyesha na karatasi yake kabla ya kuuchomeka. Brashi aliisuuza kwa maji matatu, ya mwisho yana spiriti, akaitundika kwenye msumari kichwa chini. Alinyoa ndevu tu. Ukitaka nywele alikuelekeza ng'ambo ya barabara bila chuki: "Nenda kwa vijana wangu pale, mashine zao zinajua." Alikuja Tunduma akitokea Kondoa, akiwa dereva, enzi ambazo, alisema, malori ya siku nzima ungeyamaliza kuyatazama kabla chai haijapoa. Halafu biashara ikafunguliwa, malori yakawa kama mto, na macho yake yakaanza kumsumbua, akashuka kwenye usukani akashika wembe. Madereva hawakumwacha kwa hilo. "Mzee, macho yaliyokushinda barabarani ndiyo unanichezea nayo shingoni?" Naye anajibu huku akisukuma kidevu cha mtu juu kwa kidole kimoja, "Barabara ni ndefu. Shingo yako naiona yote."

Mimi nilipelekwa kwake na aibu. Mwaka jana mwalimu wa nidhamu alinisimamisha mstarini, akanishika kidevu kama anayechagua mbuzi mnadani, akasema, "Kesho nisizione hizi." Mlicheka, na sikuwalaumu, maana zenyewe zilikuwa nywele chache tu, zimekaa mbalimbali kama miti ya bonde la Momba. Saluni sikuweza kwenda. Kule wanakaa vijana wakubwa, na kijana anayenyolewa kwa mara ya kwanza hutangaziwa hadi stendi. Nikapita mbele ya kibanda cha mzee mara nne, ya tano akaniita mwenyewe. "Mjukuu wangu, ukipita tena utaichimba hiyo njia. Ingia." Nikamwamkia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akanifunga taulo jeupe, akamimina maji kwenye kikombe, akaanza kukoroga sabuni kwa ile brashi. Nikamuuliza, kwa sababu woga ukinizidi huwa nauliza maswali, "Babu, hizi nywele ni za nini?" Akasema, "Singa za farasi. Fumba macho."

Nikafumba. Nilitarajia kitu cha kukwaruza kama brashi ya viatu. Mwanzoni zilikuwa na ugumu wa nyasi kavu, kisha maji ya moto yakazilegeza, zikawa zinazunguka shavuni, zinazunguka, polepole, povu likapanda hadi karibu na masikio, na kelele za malori zikasogea mbali kama vile mtu amefunga mlango wa nyumba ya tatu. Nikaanza kuota na huku sijalala. Farasi sijawahi kumwona kwa macho. Namjua kwenye picha ya kitabu tu, amesimama pembeni ya jina lake. Lakini siku ile nilimwona. Ulikuwa ukungu wa asubuhi wa Mbozi, mibuni imesimama ndani yake hadi kiunoni, na kati ya mistari ya mibuni anapita mnyama mrefu, kwato zake hazisikiki, mkia unapangusa majani, na kila ukipangusa, umande unaniangukia usoni. Nilitamani asifike mwisho wa shamba. Mzee alipopitisha wembe sikuusikia. Aliponiambia nifumbue macho nilimwona kwenye kioo mtu ambaye nilimfahamu kidogo tu, kidevu kinang'aa, na nikaona haya kwa sababu nilikuwa natabasamu.

Ndipo akanisimulia ilikotoka ile brashi. Aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa dereva aliyekuwa akitokea nchi za kusini kabisa wanakofuga farasi. "Nilimuuliza mara tatu," akasema, akinyanyua vidole. "Ni farasi? Kweli ni farasi? Unaapa ni farasi? Akaapa kwa mama yake." Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa akisubiri zamu yake akadakia kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Ee mukwai, ndiyo mzee, huko farasi ni wengi, mimi nimeona polisi wanapanda juu yake." Wakacheka wote wawili. Mimi jioni nikaandika kwenye daftari langu kwamba mzee aliuliza mara tatu, nikayapigia mstari maneno hayo kwa sababu yalinichekesha. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima aulize mara tatu nywele za brashi zimetoka kwa mnyama gani.

Nimewaza sana juu ya jambo hilo wiki hii. Mji wetu huu unaishi kwa kuamini neno la mpita njia. Karibu kila tunachokitumia kimeshuka kwenye lori au kimevushwa begani: vitenge, betri, dawa ya mbu, sabuni, viatu vya mtu ambaye hatutamjua kamwe. Unamuuliza muuzaji, kinatoka wapi, kimetengenezwa kwa nini, anakujibu, unalipa, na kesho yake huyo muuzaji yuko Lubumbashi. Babu zetu kule Ileje walimjua ng'ombe ambaye ngozi yake wanaikalia, na jina lake walilijua. Sisi tuna vitu vingi zaidi na tunavijua kidogo zaidi. Mzee yule, kwa kuwa aliwahi kuendesha lori, alilielewa hilo kuliko sisi, na kitu kimoja kilichogusa nyuso za watu, ile brashi, alikihoji mpaka mwisho wa uwezo wake. Baada ya hapo alikuwa na neno la mtu tu, na neno hilo ndilo nililolivunja mimi.

Mnaikumbuka ile safu yangu ya hapa ukutani kuhusu brashi. Wengine mliniambia ndiyo bora niliyowahi kuandika. Nilikuwa nimeanza kumsifu mzee, na nilikuwa nimwandike vizuri, ila nikapita maktaba nikakuta kitabu cha zamani kinachosema brashi nyingi za kunyolea hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Nikaona hapo pana mzaha. Nikaandika: "Mzee wetu anasema ni farasi, lakini Tunduma nzima farasi yuko wapi? Vitabu vinasema nguruwe. Huenda nyuso zetu zinapakwa kitimoto bila kujua." Yule Mzambia aliyewaona farasi sikumtaja, kwa sababu angeharibu utamu. Mlicheka hadi kengele ikagongwa mkiwa bado hapa. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo nawasikiliza mkicheka, na nasema ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile shuleni hapa. Mtu asiyeweza kuongea mbele ya watu watatu alikuwa amewachekesha watu mia.

Wateja wa mzee karibu wote walikuwa Waislamu, wasafirishaji na madereva, wanaopita kwake Ijumaa kabla ya swala. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu, na bado halikunijia kichwani nilipokuwa naandika. Kwetu nguruwe ni mnyama wa nyuma ya nyumba, wa kuuzwa ipatikane ada ya shule. Binti wa msafirishaji mmoja mwenye malori mawili alisoma safu, akaisimulia nyumbani, na hakukosea hata neno. Ijumaa ya pili yake nilikaa kwenye benchi la mama wa chai, nikamwona msafirishaji yule amesimama mlangoni kwa mzee, kanzu imepigwa pasi.

"Kaa, Alhaji, maji yamechemka."

"Leo sikai, mzee mwenzangu. Nimekuja kukusalimia."

"Wiki ya pili hii unanisalimia kwa kusimama."

"Usinielewe vibaya. Watoto wamesoma kitu huko shuleni. Kuhusu brashi."

"Ni farasi, Alhaji."

"Sikatai. Ila huyo farasi, wewe ulimwona?"

Mzee angeweza kusema ndiyo. Nani angempinga? Akaitazama brashi kwenye msumari wake, akasema, "Sikumwona."

"Basi. Mimi siwezi kwenda kusimama mbele ya Mungu na shaka usoni." Akampa mkono, akaondoka. Hakukuwa na matusi wala kelele. Kiti kilibaki kitupu mpaka adhana ikasikika, na ng'ambo ya barabara spika zikawa zinaendelea kutetemesha bati. Mama wa chai akasema, hakumwambia mtu yeyote, "Mzee wa watu atakula nini?" Na utingo mmoja akapita anapiga kelele, "Shikamoo, Mzee wa Kitimoto!" Mzee akaitikia marahaba. Chai yangu sikuimaliza.

Jumamosi nikapanda gari la Itumba, nikashukia Isongole kwa shangazi. Nilikuwa na mpango ambao niliuona wa kisayansi. Siku moja kabla nilikuwa nimemwomba mzee nywele tatu za brashi, nikamwambia tunataka kuziangalia shuleni. Akazing'oa akanipa bila kuuliza. Sasa nilihitaji za nguruwe ili nizilinganishe. Shangazi alinikuta nimepiga magoti bandani, nguruwe ananikimbia huku na huku, mkononi nina kibano cha nyusi cha dada. Akasimama, mikono kiunoni. "We mtoto, huko shule siku hizi wanawafundisha kunyoa nguruwe?" Nikamweleza. Akaingia bandani mwenyewe, akamkaba nguruwe kwa magoti, akasema, "Ng'oa haraka. Umemharibia mzee wa watu jina, halafu unakuja kumwumiza na nguruwe wangu." Jumatatu mwalimu wa baiolojia akaniazima lenzi. Niliyoyaona yalikuwa wazi hata kwa mtu mwenye wasiwasi kama mimi. Nywele ya nguruwe, mwisho wake umepasuka mara mbili tatu, kama kifagio kidogo. Ya brashi ya mzee inakwenda ikichongoka mpaka ncha moja, laini, nzima. Mwalimu aliangalia kwa muda mrefu. "Hii siyo ya nguruwe," akasema. "Kama ni farasi au mkia wa ng'ombe, hapo mimi siapi. Lakini nguruwe siyo."

Nilikimbia kama niliyeshinda mashindano. Na hapa nitawaambia jambo ambalo usiku huwa linanifanya nijifunike uso. Nywele zote nilikuwa nimezibandika kwa gundi ya karatasi kwenye daftari langu, za brashi ukurasa wa kushoto, za nguruwe kulia. Ijumaa, lenzi ya mwalimu mfukoni, nikaingia kwa mzee. Alhaji alikuwa amepita kusalimia, yule utingo aliyemwita Mzee wa Kitimoto ameegemea mlango. Nikalifungua daftari, nikalitandaza juu ya taulo jeupe kwenye rafu ya vyombo, nikasema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza ilisikika, "Hizi ni za brashi, babu. Na hizi ni za nguruwe, nimezing'oa mwenyewe!"

Alhaji aliruka nyuma, kichwa kikagonga bati. "Astaghfirullah! Kijana!" Utingo akakaa chini kwa kicheko. "Dogo kamleta shahidi mwenyewe dukani!" Mzee alilitazama taulo, akanitazama mimi. Mimi tayari machozi yalikuwa yananilenga. "Litoe," akasema taratibu. "Na taulo chukua, sasa ni lako." Akatoa vyombo vyote nje, akaanza kuiosha ile rafu kwa namna dini yake inavyotaka, maji baada ya maji, mara moja akisugua kwa udongo, bila haraka, kama mtu ambaye siku nzima ni yake. Tulimsubiri, hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyeondoka. Alipomaliza akasema, "Haya. Twende juani, kila mtu asimame mbali na kitabu, utuonyeshe." Nikashika daftari kwa mikono miwili. Alhaji akaangalia kwa lenzi, ameinama kwa tahadhari kama anayechungulia kisima. Akaangalia upande huu, upande ule, tena upande huu.

"Mwalimu wenu kasemaje?" mzee akaniuliza.

"Kasema siyo nguruwe. Kama ni farasi au ng'ombe, haapi."

"Huyo mwalimu mkweli." Kisha akanigeukia. "Na wewe umejuaje kwamba watu wana shaka na brashi yangu?"

Nilitaka kusema nilisikia tu. Nilikwisha kulipanga jibu. Badala yake nikasema, "Ni mimi niliyeandika, babu."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Wewe unayeshindwa hata kuniamkia kwa sauti?" Hakukasirika, au kama alikasirika alimeza. "Uliandika wakasoma wangapi?"

"Shule nzima."

"Na leo umewaambia wangapi kwamba si kweli?"

Nikawatazama. "Watatu."

"Basi bado," akasema. "Rudi ukaandike na hili. Ukibandika uje uniite, nije nisome."

Alhaji alikaa kitini siku ileile, akapakwa povu, akaenda kuswali. Wengine wachache walifuata. Wengi hawakurudi, si kwa ubaya, ila hakuna aliyewafikishia habari ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa na kicheko ndani yake, ikapanda malori ikafika hadi Mbeya. Hii ya pili ilikuwa na nywele za aina mbili na lenzi, ikaishia mlangoni. Kwa mteja mwenye shaka mzee alipaka sabuni kwa mkono. "Uso wa mtu ni wake," aliniambia, "siwezi kuupaka kitu anachokiogopa." Mimi aliendelea kunipaka kwa brashi. Na mimi niliendelea kutoandika. Kwanza palikuwa na mitihani. Halafu likizo. Halafu ukuta ulikuwa umejaa matangazo ya mahafali. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Sababu yenyewe ni kwamba mlikuwa mnanisifu kwa ile safu, na nilijua nikiandika kwamba nilikosea nitaitwa jina fulani mpaka nimalize shule. Kila nilipokaa kitini mzee alinipaka povu, nami nikafumba macho nisikutane na yake. Mara moja tu aliniuliza, wembe ukiwa chini ya sikio langu, "Ule ukuta wenu, bado?" Nikasema wiki ijayo. Niliisema hiyo wiki ijayo kwa miezi.

Kwa hiyo leo naandika, na niiteni mnavyotaka. Brashi ya marehemu haikuwa ya nguruwe. Mwenyewe alisema ni singa za farasi, na mtu ambaye alikataa kudai kwamba alimwona farasi ili tu apate mteja, mimi naliamini neno lake kuliko kitabu nilichokisoma nusu. Kwa wale wenye wazazi waliokuwa wakinyolewa kwake, nawaomba mkawaambie jioni hii, kwa maneno yenu, kama mlivyowaambia yale mengine. Na kwa yeyote anayetaka kuandika kwenye ukuta huu baada yangu, nina fundisho moja tu, nimelilipia mimi, ila gharama kubwa ilimwangukia mwingine: ukimkosea mtu mbele ya watu mia, kumwomba radhi mkiwa wawili hakutoshi. Rudi kwa wale mia, na urudi mapema, akiwa bado anaweza kuja mwenyewe, asimame hapa uliposimama, asome.